Njuga ya Mtoto wa Tunu

"Mwezi wa saba huu hajazaa," Bi Kidawa alisema, akimshika Tunu pembe. "Au kabeba ndovu, daktari?"

Tunu ndiye mbuzi pekee aliyebaki katika kundi la marehemu mume wa Bi Kidawa. Daktari wa mifugo hakucheka.

"Mama, yale maji niliyomvuta tumboni juzi, maabara wameyapima. Hamna mtoto. Ni saratani, tena ya aina ambayo kwa mbuzi sijapata kuiona."

Bi Kidawa akauvuta mkono wa daktari, akaubandika ubavuni mwa Tunu. "Na huyu anayecheza kila asubuhi?"

"Ni matumbo yake, mama."

Mkono wa Bi Kidawa ulikaa pale pale muda mrefu. Kisha akauliza, "Anaumwa?"

"Sana. Nimchome sindano apumzike kabisa."

Bi Kidawa akafungua pindo la kanga, akatoa njuga ndogo yenye kamba aliyomsukia mtoto wa Tunu. Akajaribu kumvisha Tunu. Kamba haikuzunguka hata nusu ya shingo, basi akaifunga kwenye pembe.

Tunu akatikisa kichwa, njuga ikalia. Daktari, sindano mkononi, akasubiri inyamaze.