Nafasi ya Kauthar

Kauthar aliisukuma sahani bila kuigusa. Ilikuwa siku ya tatu sasa hali chakula cha mama yake.

"Kula, mwanangu," Arafa akabembeleza.

"Si ulitaka nisiende? Haya, sijaenda. Furahi basi."

Ni kweli Arafa alikuwa amekataa. Tangu Mwalimu Elihuruma alipoleta habari za sekondari ya masista, ile ya wasichana huko juu kwenye miteremko ya Meru, Arafa alisema hapana. Watu walidhani ni kwa ajili ya dini. Kumbe lilikuwepo na la zaidi. Yeye alizaliwa peke yake, hana dada wala kaka, na Mungu alimpa mtoto huyo mmoja tu. Mumewe Abdulhalim alikuwa muuza vitenge wa magulioni, na kila wiki alilala nje siku kadhaa. Kauthar akienda bweni, yeye angebaki kuzungumza na kuta.

Abdulhalim ndiye aliyesimama kidete.

"Mtoto anakwenda kusoma hesabu, haendi kubatizwa," aliwaambia mashangazi waliokuja kupiga kelele. Fomu akaijaza kwa mkono wake. Siku ya usaili akampeleka binti mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa akakichukua akakaa nacho, eti mama mtu asije akakificha. Neno hilo lilimchoma Arafa.

Desemba, Abdulhalim akarudi nyumbani uso umemshuka. "Hukufikisha alama, mwanangu. Wasichana walikuwa wengi mno."

Kauthar alilia mpaka sauti ikakauka. Baba yake alikaa naye barazani jioni nzima, akimpigapiga mgongoni na kumwambia kwamba hata shule ya kata hutoa madaktari. Arafa aliwatazama kutoka jikoni, akaona haya kwa jinsi moyo wake ulivyopata nafuu.

Januari ikafika. Jumatatu, Arafa na binti yake walikuwa sokoni wakichagua ndizi, wakakutana na Mwalimu Elihuruma.

"Mama Kauthar! Mbona binti bado yuko mtaani? Wenzake wameripoti jana."

"Si alishindwa, mwalimu?"

"Nani kashindwa? Orodha ya waliochaguliwa nimeiona kwa macho yangu. Jina lake ni la tatu kutoka juu!"

Kauthar aliweka kikapu chini taratibu, akamgeukia mama yake. "Uliwapigia masista."

"Haki ya Mungu, sikupiga."

"Uliwapigia ukawaambia siji. Ukamwacha baba aaibike bure."

Tangu hapo ndipo akagoma kula.

Abdulhalim alikuwa ameondoka Jumamosi na mzigo wake wa vitenge. Arafa alipompigia simu kumweleza, mumewe alimkatiza. "Msiende kuwasumbua wale watu. Labda ni majina tu yamefanana. Nikirudi nitakwenda mwenyewe nikaulize."

Lakini Arafa hakuweza kungoja. Kutazamwa na mwanawe kama mwizi kulimshinda. Alhamisi asubuhi akamwambia Kauthar avae, wakapanda bodaboda, wakakwea njia ya vumbi jekundu kati ya migomba na mibuni mpaka kwenye geti la shule.

Sista mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, aliwakaribisha ofisini. Arafa hakukaa kwenye kiti.

"Sista, kama yupo mtu aliyewaambia mimi sitaki, amewadanganya. Zamani sikutaka, sifichi. Leo nataka. Nawaomba mumpokee mwanangu Kauthar Abdulhalim."

Sista akafungua daftari, akashusha kidole kwenye majina. "Kauthar Abdulhalim yupo, mama. Aliripoti Jumapili."

"Atakuwaje yupo? Kauthar ndiye huyu!"

Sista alivua miwani, akamtazama binti kwa muda. "Mimi nilidhani huyu ni mdogo wake. Cheti cha kuzaliwa tulikiona. Na aliyemleta ni baba yake. Mzee mpole. Aliomba ruhusa akamtandikie kitanda mwenyewe."

Sasa Arafa akaelewa. Kumbe ndivyo walivyofanya! Kuna mtu mahali fulani aliyechukua jina la mwanawe, akasimama mbele ya masista hawa na kujiita Abdulhalim, bila aibu, bila kumwogopa Mungu.

"Huyo ni tapeli, Sista! Muiteni huyo mtoto. Aje hapa aseme ametoka wapi."

Sista akainuka, akatoka kumtuma mtu darasani.

Wakabaki wawili. Arafa akaweka mkono begani kwa binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu haukusukumwa.

"Nisamehe, mama," Kauthar akanong'ona. "Nilikudhania wewe."

"Yamekwisha, mwanangu. Ngoja baba yako asikie. Atakuja hapa leo hii, na huyo tapeli atamtambua."

Nyayo zikasikika kwenye korido. Mlango ukafunguliwa, akaingia msichana wa kimo cha Kauthar, sweta jipya limemzidi mikono, na vishimo viwili mashavuni ambavyo Arafa alikuwa akivitazama kwenye mto wa mumewe kwa miaka kumi na sita.

Msichana alimkazia macho Arafa, kama anayemlinganisha na picha. Kisha akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, mama mkubwa."