Wakiota Miguu ya Nyuma

Mguu wa yule mdogo kuliko wote haukuwepo. Nduguye alikuwa bado anautafuna.

Nilimhamishia kwenye bakuli la peke yake, kama Baba alivyoagiza kwenye karatasi aliyoibandika ukutani siku aliyokwenda kulazwa hospitalini: "Wakiota miguu ya mbele wataanza kung'atana. Watenge, uwalishe mara mbili. Mguu utaota tena, usilie."

Aksolotli hufanana na mjusi anayeishi majini. Hawa kumi na wanne wa Baba walikuwa warefu kama njiti ya kiberiti, matamvua yakiwapepea shingoni. Niliwamiminia uduvi hai, maana kisichocheza hawakioni.

Simu iliita.

"Wanakula, mama?" Baba aliuliza.

"Wanakula sana. Mmoja kaliwa mguu."

"Walafi hao, wamenirithi mimi." Alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. "Nivumilie. Wiki mbili tu, nakuja kukupokea kazi hiyo."

Karatasi ilikuwa imelegea kwa unyevu. Ilibanduka ikaanguka kifudifudi mezani, ndipo nikaona ameandika na nyuma, kwa herufi ndogo zilizobanana.

"Wakiota miguu ya nyuma, minyoo iliyokatwakatwa. Miezi sita, minyoo mizima, mara moja kwa siku. Wakitimiza mwaka, siku wale, siku wapumzike. Miaka kumi, watakuwa wazee. Wakikataa chakula, usiwalazimishe."

"Upo?" Baba aliuliza.

"Nipo, Baba." Nikaibandika karatasi ukutani kama ilivyokuwa. "Wiki mbili si nyingi."