Amri Mia Tano za Nyumba

Siku hizi nyumba zote huendeshwa kwa amri za kuandika, na kisheria kila nyumba hukumbuka amri mia tano tu. Ukiandika mpya, ile ya zamani kuliko zote inafutika.

Ndiyo maana Nakijwa, tangu amzike mumewe Senkondo, haandiki kitu. Maji anachota kwa ndoo, mapazia anayavuta kwa mkono. Lakini wakati wa msiba ndugu waliandika hovyo, na katika mistari ya Senkondo ukabaki mmoja tu, ule wa asubuhi aliyopelekwa hospitali. Kila siku Nakijwa alikaa mbele ya skrini ya nyumba, akabonyeza kishale cha juu mpaka akaufikia: "Chemsha maji ya kuoga, mke wangu anasikia baridi."

Aliusoma tu, kisha akaenda kuoga maji ya baridi.

Jumamosi bintiye, Ndeshi, akaja kumtembelea. Akamkuta jikoni anapepea mkaa, jasho linamtiririka.

"Jamani, mama! Unajitesa hivi ya nini, na nyumba ipo?" Akaandika upesi: "Washa feni."

"Ndeshi, usiandike!"

Feni ilikwisha kuanza kuzunguka. Nakijwa akafuta mikono kwenye khanga, akakaa mbele ya skrini, akabonyeza kishale, akabonyeza tena na tena, mpaka kikagoma.

Mstari uliokuwa juu kabisa sasa, ambako kumbukumbu ya nyumba ilianzia, ulikuwa wake mwenyewe: "Fungua geti, wameleta jeneza."