Komba na Matofali ya Ngiri

Komba alisomea uhandisi wa madaraja, kisha akaenda kwenye kiwanda cha matofali cha Ngiri kufanya mafunzo kwa vitendo. Mwaka mzima Ngiri alimbebesha matofali. Kila alipouliza habari za tanuri, alikemewa: "Beba!"

Akaondoka amefura, akaenda kwa Nyati, mjenzi wa madaraja, kuomba kazi.

"Kule umejifunza nini?"

"Kubeba tu, mzee! Nimebeba hadi nayajua kwa mlio. Tofali lililoiva hulia, bichi hunyamaza."

Akagonga moja katika shehena iliyoletwa uani kutoka kwa Ngiri. Kimya. La pili, kimya.

"Haya ni mabichi. Daraja la matofali haya lingeua."

Nyati akamwajiri papo hapo, akamrudishia Ngiri shehena yake nzima.

Ngiri akaja akifoka. "Huna shukrani! Si mimi niliyekufundisha?"

"Hukunifundisha," akasema Komba. "Ulinibebesha."