Ombi Lililomkwama Msusi

Msusi alisema "amina" kabla ombi halijaisha.

Wanawake wa kikundi cha maombi wakafumbua macho, wakatazamana. Walikuwa ndani ya saluni yake, mlango umerudishwa, viti vimegeuzwa kutazamana, nywele za wateja bado zimetapakaa sakafuni. Alikuwa akimwombea mdogo wake. Akafika pale pa siku zote: "Bwana, mponye, umrudishe nyumbani." Akasema "mponye." Lililobaki likamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Hujamalizia," mama mchungaji alimwambia kwa upole.

"Mungu analijua lililobaki."

Mdogo wake alikuwa amelazwa muda mrefu katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hasemi, hamtambui mtu, kutwa anautazama ukuta. Mwanzoni msusi alikwenda kumwona na mtoto, Kidoti, mgongoni, mpaka siku ile mdogo wake alipomtupia mtoto jicho, akapiga yowe, wauguzi wakaja mbio. Tangu hapo Kidoti akawa anaachwa nyumbani. Madaktari walikuwa na neno moja tu: tusubiri.

Na msusi hakuumbiwa kusubiri. Mteja akichelewa kidogo, kiti ameshampa mwingine. Alifunga hata akakonda, alikesha akiomba, aligombana na madaktari, alizunguka kwa kila mhubiri aliyesifiwa kuwa na upako. Mdogo wake akabaki na ukuta wake. Siku hizi msusi alikuwa amepungua sauti, na watu wakasema maskini, imani imemwishia.

Jumatatu mama mchungaji alikuja kusuka.

"Wewe unaomba kama dereva anayempigia honi aliye mbele yake," alimwambia. "Tulia, mwanangu. Nyamaza kidogo, umngoje Bwana."

"Nikitulia, nani atakusuka?"

Mama mchungaji akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mikono iendelee. Moyo ndio ukae chini."

Msusi hakucheka. "Na akijibu?"

"Si ndilo tunalolililia?"

Msusi akakaza msuko, mama mchungaji akaruka kitini.

"Pole, mama. Mkono umeteleza."

Kidoti alikuwa sakafuni akipanga vibanio vya nywele kwa rangi. Akainuka, akamvuta msusi sketi. "Mama, njaa."

"Huyu naye," mama mchungaji akasema akimtazama kwenye kioo, "kila akikua anazidi kuwa mdogo wako mtupu."

"Damu haijifichi," msusi akajibu, akainama kutafuta kitana ambacho hakikuwa kimeanguka.

Jioni ile alimwogesha Kidoti kwenye beseni uani. Mtoto alipiga maji kwa viganja, akamlowanisha kifua kizima, akacheka kwa meno yake yote madogo. Msusi akajaribu kutulia kama alivyoambiwa. Akagundua kwamba hajui kutulia kunaanzia wapi. Akaketi tu kwenye tofali, sabuni mkononi.

"Baba," akasema polepole, "nimechoka kukupangia. Fanya unalolijua. Hata kama..."

Hakumalizia. Lakini safari hii hakukimbilia amina. Alikaa na lile lisilosemeka, akalitazama usoni, akaliacha mikononi mwa Mungu.

"Mama, unalia?"

"Sabuni."

Hazikupita siku nyingi, simu ikalia saluni. Ni daktari. Mdogo wake amesema! Ameomba chai, amelalamika kuwa haina sukari, ameuliza habari za nyumbani. Amewataja watu wote kwa majina. Wakiendelea kumwangalia na akazidi hivi hivi, watamruhusu.

Saluni ikalipuka kwa vigelegele. Mteja mmoja aliinuka akacheza, rangi nusu kichwa. Msusi akajiachia kwenye kiti cha pembeni, akalia kwa kwikwi, mabega yakipanda na kushuka.

"Machozi ya furaha hayo," wakasema. "Mwacheni alie. Amengoja sana."

Siku ya kumpokea, alimvalisha Kidoti gauni la njano. Alimsuka taratibu, akamtazama, akafumua, akamsuka upya.

"Si alikuwa ameshapendeza?" mume wake akamwuliza, funguo za gari la kuazima mkononi.

"Niache nimsuke."

Mume akamgusa bega, akaondoka kwenda hospitali.

Adhuhuri gari likasimama nje. Mdogo wake aliingia amekonda, kitambaa kichwani, hatua zake za mtu anayejifunza sakafu. Ndugu hao wawili wakakumbatiana katikati ya sebule, wakayumba pamoja.

"Nilikuwa nakusikia, dada," mdogo mtu akasema. "Kila ulipokuja nilikusikia. Nilikosa tu mlango wa kutokea."

"Umeuona. Mungu mkubwa." Na msusi alimaanisha kila neno.

Kisha macho ya mdogo wake yakashuka, yakakuta gauni la njano. Akaketi pale pale chini.

"Amekua," akanong'ona. "Dada, amekua!" Akanyoosha mikono.

Kidoti akajificha nyuma ya msusi, akaikamata sketi kwa ngumi zote mbili. "Mama, huyu nani?"

Msusi akamtazama mume wake. Mume alikuwa akitazama nje. Basi akapiga magoti, akavibandua vile vidole kimoja kimoja, akamgeuza mtoto.

"Usiogope," akamwambia. "Mimi ni mama yako mkubwa. Mama yako ndiye huyu."