Mlango wa Kijani

Bi Mwanatumu aliingia posta na kopo la rangi mkononi. Karani akampa kikaratasi chenye tarakimu tano.

“Hii ndiyo postikodi ya mtaa wenu, mama. Barua isiyo nayo sasa inarudishwa ilikotoka.”

“Hata iliyoandikwa ‘mlango wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga’?”

“Hata hiyo.” Karani akainamisha macho. Zamani barua hizo alizipeleka mwenyewe, kwa baiskeli.

Mwana wa Bi Mwanatumu alikuwa hajaandika miaka sita, wala mama hakujua ampelekee wapi namba hiyo. Anwani aliyoondoka nayo ni ule mlango, na kila mwaka mama aliupaka rangi ileile, barua isije ikapotea.

Akakifunga kikaratasi kwenye pindo la kanga, akarudi nyumbani, akaupaka mlango. Rangi ilipobaki, akaanza na ukuta.