Usingizi wa Tandala

Sheria ilimpa kila mwindaji mstaafu mnyama mmoja wa kushirikiana naye usingizi. Mnyama akiota porini, mwindaji huota ndoto hiyo hiyo nyumbani, na akiamka humweleza askari wa wanyamapori majangili wamepita wapi. Mzee Mgovano, aliyewahi kulisha nyama kijiji kizima, alipewa tandala jike.

Mkewe, Sekinyaga, alimzoea hivyo hivyo: mume anayeramba chumvi kiganjani na kusimama mlangoni alfajiri akisikiliza majani. Hata hadithi zake zilibadilika. Zamani zote ziliishia kwenye nyama. Siku hizi ziliishia kwenye kukimbia.

Jioni moja mzee aligutuka mkekani uani, akitweta.

"Umeota nini, mzee wangu?" Sekinyaga akauliza, ameketi kando ya jiko.

"Kuna mtu kwenye nyasi. Ametulia tuli. Harufu yake siipati."

"Jangili? Nimwite askari?"

Mzee alikuwa akimkodolea macho yeye, mapana, yenye majimaji.

Ndipo Sekinyaga alipokumbuka somo alilopewa na mumewe wakiwa wachumba: mwindaji hujibanza pale ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake. Akautazama moshi wa jiko. Ulikuwa unatoka upande wa mzee, ukimjia yeye usoni: alikuwa ameketi pale hasa anapojibanza mwindaji.

Akainuka taratibu, akabeba kigoda chake, akazunguka kwa mbali, akaketi upande wa pili, ili upepo umpelekee mzee harufu yake.

Mzee akanusa. Akanusa tena.

Sekinyaga akabana pumzi, akisubiri kuona kama mzee atakimbia.